Kifungu cha Tisa

Viola alikufa Jumatatu saa moja asubuhi katika hospitali moja ya kulipa mjini Kitale, na hospitali ikakataa kumtoa mpaka bili ilipwe. Bima ilikuwa imelipa sehemu yake. Iliyobaki ilikuwa shilingi laki moja elfu ishirini na sita na mia nne. Mumewe, Hamisi Wabwile, mchuuzi wa mahindi, alikuwa na elfu thelathini na moja kwenye simu. Viola alikuwa amesilimu walipooana, na kwa Mwislamu jambo hilo lina uchungu wa pili juu ya ule wa kwanza. Aliyekufa asubuhi anatakiwa awe kaburini kabla jua halijatua.

"Mzee, si kwamba tunakataa," alisema msichana wa dirisha la malipo. "Mkilipa hata sasa hivi, nusu saa mama anatoka."

"Mimi ni Mwislamu, binti yangu. Sisi hatuweki maiti."

"Naelewa. Lakini hapa kwa mashine hakuna mahali pa kuandika hivyo."

Nyuma ya Wabwile alisimama Rukia, bintiye wa miaka kumi na tisa, ameshika mfuko wenye kikombe, kandambili na leso ya mama yake. Walimwona mhudumu wa mochari akipita na kitanda cha magurudumu, akiimba kidogo puani kama mtu anayesukuma mkokoteni wa vitunguu. Juu ya shuka alikuwa ameweka daftari lake.

Wiki mbili kabla, Viola alikuwa amemshika Wabwile mkono na kumwambia, "Baba Rukia, unajua mimi na baridi hatupatani. Nikienda, usiniweke kwa ile friji yao. Nipeleke nyumbani Tongaren siku hiyo hiyo."

"Utapona, mama."

"Sikukuuliza kama nitapona. Apa."

Wabwile aliapa. Sasa mlango wa mochari ulifungwa, na akasikia komeo likiingia mahali pake.

"Twende kwa chama," alimwambia Rukia. "Nimewachangia miaka kumi na nne. Leo ni zamu yao."

*

Chama chenyewe kiliitwa Tuinuane, cha wauza nafaka wa Kitale, watu arobaini na watatu. Kila mwezi mwanachama alitoa mia mbili, na msiba ukitokea, mia tano. Mwenyekiti alikuwa Gachanja, mzee mwenye duka la mbegu, mtu wa kanisa, mpole wa sauti. Wabwile alimkuta ameshapata habari, ameshavaa koti.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Viola alikuwa dada yetu," Gachanja alisema akimshika kwa mikono yote miwili. "Usiwe na wasiwasi. Laki moja yako iko."

"Asante, mwenyekiti. Ninaomba kitu kimoja tu. Hiyo laki moja ipelekwe hospitali, leo. Bili ipungue, nizungumze nao juu ya iliyobaki, nimtoe, nimzike."

Gachanja aliachia mikono polepole.

"Hospitali?"

"Hospitali."

"Lakini Wabwile, si wewe unajua kifungu cha tisa kuliko mimi?"

Alikijua. Alikuwa amekiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, usiku mmoja wa mvua miaka sita iliyopita. Kulikuwa na mwanachama aitwaye Mathenge, aliyelia mbele ya kikao kwamba baba yake amefariki huko Nyandarua. Chama kikampa laki moja mkononi. Mwezi uliofuata mtu akaenda huko kununua viazi, akamkuta baba Mathenge yuko shambani anapalilia, mzima wa afya, akamkaribisha chai. Watu walicheka, kisha wakakasirika. Mathenge alifukuzwa. Ndipo Wabwile, aliyekuwa katibu wakati huo, akaleta kifungu cha tisa: pesa ya msiba isiguse mkono wa mtu. Kwanza ije karatasi ya mochari kuonyesha kwamba maiti yuko kweli. Kisha chama chenyewe kimlipe fundi wa jeneza elfu arobaini, mwenye gari la maiti elfu ishirini, mwenye hema na viti elfu kumi na tano, na chakula cha waombolezaji elfu ishirini na tano. Basi. Walimpigia makofi siku hiyo. Gachanja alisema Mwislamu huyu ana kichwa cha wakili.

Aliandika "jeneza" kwa sababu hakuwahi kuona msiba wa chama usio na jeneza. Na kuna jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Kalamu ilisimama kidogo alipofika kwenye neno hilo. Alijua yeye hatalihitaji. Lakini alikuwa Mwislamu peke yake kati ya watu arobaini na watatu, na hakutaka kuwa yule mtu ambaye kila jambo likija ana yake ya pembeni. Kila mkutano ulifunguliwa kwa jina la Yesu, naye aliinamisha kichwa na kuitikia amina. Iwe hivyo na jeneza pia. Kifo kilikuwa mbali wakati huo.

"Najua nilikiandika," alimwambia Gachanja. "Nilikiandikia wezi."

"Sasa hapo ndipo shida. Sheria haiwezi kukutofautisha na mwizi kwa kukuangalia sura." Gachanja alikuna shingo. "Lakini sitakuamulia peke yangu. Hii ni demokrasia. Kikao cha dharura kinataka siku saba. Mimi nitakiita leo saa kumi na moja. Nimevunja kifungu cha nne kwa ajili yako, uone vile tunakupenda."

*

Walikutana katika stoo ya mabati ya Rosaline, mwekahazina, wakaketi juu ya magunia. Watu ishirini na saba walifika. Jua lilikuwa limeshainama, na Wabwile aliangalia lile jua zaidi ya alivyoangalia nyuso za watu.

Wacera, muuza njugu, alifungua kwa maombi marefu. Alimwomba Bwana Yesu ampokee dada Viola, awafunike wafiwa kwa damu yake, akiongoze kikao. Wabwile aliitikia amina kama siku zote. Rukia, aliyesimama mlangoni, hakuitikia.

Gachanja alieleza ombi. Kila mtu alingoja mwingine aanze.

"Mimi nasema hivi," alianza Gikonyo, muuza maharagwe, kijana wa jana jana kwenye chama. "Hakuna mtu hapa hampendi Mzee Wabwile. Lakini tukifungua huu mlango, kesho mtu ataleta bili ya shule. Kesho kutwa bili ya stima. Ati maiti yangu ni tofauti."

"Si maiti yangu iliyo tofauti," Wabwile alisema. "Ni kuzika. Sisi hatutumii jeneza. Hatutumii hema. Hakuna kulala matanga. Hiyo laki yote mnanilipia vitu ambavyo sina kazi navyo."

"Hata jeneza ndogo tu?" aliuliza mama mmoja kwa huruma kabisa.

"Hata dogo, mama."

"Sasa mnambeba na nini?"

"Na sanda. Na mikono."

Watu wawili watatu walitazamana. Cheptoo, mama wa Kipsigis anayeuza wimbi, alisimama. Alikuwa mnene, na kusimama kwake kulichukua muda.

"Mwenyekiti, hii kikao ya leo imeitwa na siku ngapi?"

"Imeitwa leo, mama Cheptoo."

"Na kifungu cha nne kinataka saba."

"Ni kweli."

"Basi kama cha nne kimevunjika na mbingu haijaanguka, hii ya tisa ina nini? Iko na mayai ndani?"

Watu wakacheka, na kwa muda mfupi Wabwile aliona mambo yakienda upande wake. Kisha Wacera akainua mkono.

"Mimi nampenda Wabwile kama kaka. Viola alinisaidia nikiwa na mimba ya huyu wangu wa mwisho. Lakini tuseme ukweli tu. Hii ni mambo ya dini. Na chama hakina dini. Tukianza kupea mtu hivi kwa sababu ya dini yake, tutakuwa tumeingiza dini kwa chama."

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno zuri, lenye haki ndani yake, na lilikaa vizuri masikioni mwa watu. Wabwile alifungua mdomo aseme kuhusu ile dua ya dakika saba zilizopita, na ya mwezi uliopita, na ya miaka kumi na nne. Akaufunga. Mtu mwenye mkewe mochari haanzi ugomvi na wenye pesa.

"Tupige kura," Gachanja alisema. "Wabwile, katiba inasema mwenye jambo anatoka nje."

Hiyo pia aliiandika yeye.

Alitoka, akasimama karibu na mkokoteni wa punda. Mabati ya stoo yalikuwa ya zamani, yenye matundu ya misumari, na mwanga wa jioni ulikuwa ukiingia ndani kwa upande ule. Hakutaka kuchungulia. Alichungulia. Aliona mikono ikiinuka ya kukubali, akahesabu saba. Kisha ya kukataa. Aliuona mkono wa Gikonyo, ambaye mwaka juzi Wabwile alimbebea jeneza la mama yake kwenye matope kilomita mbili kwa sababu gari lilikwama. Aliuona wa Wacera. Aliuona wa Rosaline, umeinuka nusu kama mtu anayeomba ruhusa kwenda haja.

Kumi na saba walikataa. Saba walikubali. Wawili hawakuinua.

"Demokrasia imesema," Gachanja alimwambia akitoka, macho yamelowa kweli. "Lakini usifikirie tumekuacha. Tumepitisha yote mara moja. Fundi Wanyoike analipwa jioni hii kwa jeneza. Hema, gari, chakula, yote Jumamosi. Tutakuzikia kwa heshima."

"Mwenyekiti, Jumamosi ni siku ya sita."

"Ndiyo watu wapate nafasi ya kufika, ndugu yangu."

Jua lilikuwa limetua. Walifunga kikao kwa maombi.

*

Jumanne asubuhi fundi Wanyoike alimwita Wabwile kutoka ng'ambo ya barabara. Karakana yake ilinuka gundi, na majeneza yamesimamishwa ukutani kama watu wanaongoja kuhojiwa.

"Mzee, nimesikia. Hii ni mambo ya kipumbavu. Kuja." Alishusha sauti. "Chama kimenilipa elfu arobaini jana. Mimi nakuandikia risiti kwamba umechukua sanduku. Sanduku halitoki hapa. Wewe unachukua ishirini na nane, mimi nabaki na kumi na mbili ya usumbufu. Mwenye hema ni mjomba wangu, naye anaelewa. Huko utapata kumi na moja. Nani ataumia?"

Rukia alipiga hesabu papo hapo. "Baba, hiyo ni elfu thelathini na tisa. Tukiuza mahindi, msikiti ukichanga, mama anatoka leo hii, halali huko usiku wa pili."

Wabwile aligusa ubao wa jeneza lililokuwa karibu. Alimkumbuka Mathenge siku ya kufukuzwa, alivyoketi katikati ya stoo, na yeye Wabwile akimsomea mashtaka kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie. Mwongo anakula jasho la mjane, alimwambia. Maneno hayo yalikuwa yake.

"Sitaandika uongo juu ya maiti ya mke wangu," alisema.

"Baba!"

"Nimesema."

"Mama yuko kwa friji, na wewe unachunga sheria ya watu walikukataa?" Rukia alikuwa akipaza sauti, wapita njia wakageuka. "Wao walivunja ya nne. Wewe hutaki kupinda hata moja? Ulimuapia nani, mama ama chama?"

Wanyoike alijifanya anatafuta misumari. Wabwile alishika njia, na Rukia akamfuata nyuma hatua ishirini, kama mtu asiyemjua.

Msikitini Ustadh Nasoro Makokha alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa na kijitabu mezani chenye majina ya jamaa wa kamati ya mazishi.

"Hamisi, jina lako silioni humu."

"Sikujiandikisha, Ustadh."

"Watu walikuambia. Mara tatu mimi mwenyewe nilikuambia. Ulisema una chama mjini."

"Nilisema."

Mzee mmoja aliyekuwa akiegemea nguzo akacheka kwa pua. "Alikuwa mtu wa mwenyekiti Gachanja. Huku kwetu alikuja Idi na Idi. Sasa leo amejua qibla iko wapi."

"Nyamaza, wee," Ustadh alisema, lakini si kwa ukali. "Sanda iko. Karafuu maiti iko. Wanawake wa kuosha wako. Hivyo hatuuzi. Pesa ya kamati ni ya walioandikwa, siwezi kuigusa, watanikalia kooni. Nitaomba watu baada ya magharibi."

Kwa hiyo hata huku kulikuwa na kitabu, na hata humu hakuwemo. Baada ya magharibi kofia ilizunguka. Wauza miraa, wenye tuktuk, mama wa mahamri, walitoa. Elfu ishirini na mbili na mia tatu. Yule mzee wa nguzoni alitoa elfu mbili, ya juu kuliko wote, na kejeli yake akaenda nayo nyumbani.

*

Jumatano Wabwile alimpigia Kemboi, mnunuzi wa mahindi kwa jumla. Alikuwa na magunia kumi na manne aliyoyaweka akingojea bei ipande. Sokoni gunia lilikuwa elfu tatu na mia nne.

"Nitachukua kwa mbili na mia sita," Kemboi alisema.

"Kemboi, nimefiwa."

"Ndiyo nasema nitachukua leo, bana. Ungekuwa hujafiwa ungengoja, na mimi ningengoja."

Alichukua. Elfu thelathini na sita na mia nne. Vibarua walibeba magunia wakimpa pole kila walipopita na gunia kichwani.

Mchana aliingia Kizito, kaka yake Viola, kutoka Misikhu, na vumbi la safari kwenye nyusi. Hakuketi.

"Mulamwa, shemeji yangu, ni kweli nasikia? Unataka kuzika dada yangu bila sanduku? Bila watu kulala hata siku moja? Kama mtu aliyepatikana kwa barabara?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe, Kizito."

"Alitaka ama ulimfundisha kutaka?"

"Muulize Rukia."

Kizito alimtazama Rukia. Msichana alikuwa ameketi sakafuni, amekunja ile leso ya mama yake mapajani. Hakuwa amezungumza na baba yake tangu jana.

"Alitaka, mjomba," alisema. "Mimi nilikuwa hapo. Aliogopa friji. Na sasa ako ndani siku ya tatu, juu ya kukosa pesa."

Hapo ndipo Kizito alipokaa. Aliuliza bili, akaambiwa. Aliuliza habari za chama, akaambiwa. Akachokonoa udongo kwenye kiatu.

"Kwa hivyo sanduku mnalo, na maiti hamna."

"Ndivyo."

"Mimi nilikuja tupigane juu ya sanduku," alisema Kizito. "Yule mtamba uliniletea, wa mahari, alizaa. Niko na ndama wake, jike, mzuri. Kuna mtu wa Webuye ananisumbua elfu thelathini na nane. Nitamwambia alete." Akainua kidole. "Lakini nitauona uso wa dada yangu. Hiyo dini yako ikikataa, ng'ombe anarudi."

Wabwile alimpigia Ustadh mbele yake. "Kaka wa baba mmoja mama mmoja?" Ustadh aliuliza. "Nani alimwambia inakatazwa? Amwone. Ni haki yake."

Kizito alisikia, akaonekana kama mtu aliyejiandaa kuvunja mlango akaukuta wazi. "Ningejua hivyo tangu mwaka ule mlipooana," alisema, "tusingekosana bure."

Jioni hiyo simu ya Wabwile ilianza kulia. Gikonyo, mia mbili. *Pole sana mzee, Mungu akutie nguvu.* Wacera, mia tatu, na aya ya Zaburi. Rosaline, mia tano. Mmoja mmoja, wale wa mikono iliyoinuka, walituma za kwao, mpaka zikafika elfu tatu na mia mbili. Wabwile alizisoma zote. Walikuwa wakimpenda kweli. Hilo ndilo lililomkaa kifuani, kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Pesa za ndama ziliingia saa moja usiku. Hospitalini walikuta mwenye kutia sahihi karatasi ya kutoa maiti ameshaenda nyumbani.

*

Viola alitoka Alhamisi asubuhi. Wanawake wa msikiti walimwosha, na mmoja wao alitoka nje akalia, si kwa msiba, bali kwa sababu ya baridi ya mwili ule. Alisema maji ya moto yalikuwa yakipoa yakimgusa. Hakujua kwamba Wabwile yuko nyuma ya ukuta.

Kizito alimwona uso. Alitazama, akasema "Haya, Viola," akatoka.

Walimpeleka Tongaren kwa pikapu ya Ustadh, wakamswalia uani, wakamzika saa nane mchana upande wa juu wa shamba, kwenye ardhi iliyopaliliwa juzi. Haikuchukua saa moja. Majirani, wote Wakristo, walisimama kando ya mahindi na majembe yao, wakisubiri mazishi yaanze, na hawakujua kwamba yameisha.

Wabwile alimpigia Gachanja. "Nimemzika, mwenyekiti. Simamisha yale ya Jumamosi. Kama kuna kinachoweza kurudi, kirudi kwa chama."

"Wabwile, pesa imeshapitishwa na kikao. Kuirudisha ni kikao kingine, siku saba. Na watu wameshajipanga." Gachanja alivuta pumzi. "Lazima tukuzikie."

*

Jumamosi saa nne gari la maiti liliingia uani polepole, taa zimewashwa, kitambaa cha zambarau mbele. Nyuma yake lori la hema, viti mia moja, sufuria, mchele, nyama. Wanachama walishuka wamevaa fulana za Tuinuane. Walifungua mlango wa gari, na wanaume sita, Gikonyo mbele, wakatoa jeneza kwa mabega. Lilikuwa jepesi, wakayumba kidogo, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kwa uzito.

"Tuliweke wapi?" Gikonyo aliuliza, akikwepa macho ya Wabwile.

Hakuna aliyejua. Mwishowe waliliweka juu ya viti viwili chini ya hema, mahali ambapo majeneza huwekwa. Wacera alifungua kwa maombi. Watu waliimba. Gachanja alisema maneno mema juu ya Viola, na yalikuwa ya kweli. Kisha wakala, wakasifu nyama.

Rosaline alikuja na daftari. "Mzee, pole. Ni ile karatasi tu. Mfiwa anatia sahihi kwamba amepokea, na anapigwa picha na jeneza. Ya kuweka kwa faili."

"Najua," Wabwile alisema. "Ni kifungu kidogo cha d."

Alisimama kando ya jeneza. Rukia alikuja, akagonga ubao kwa kidole. Ulitoa sauti ya karatasi.

"Plaiwudi, baba," alisema. Ndilo neno la kwanza alilompa tangu Jumanne. "Elfu arobaini, na ni plaiwudi. Fundi alikula tu hata bila wewe."

Wabwile alitia sahihi. Picha ikapigwa.

Saa kumi walikunja hema na kwenda zao, wakimwachia jeneza. Kizito alisema lipasuliwe kuni. Jirani alitaka kulinunua kwa elfu tatu, akimwekea mama yake mgonjwa. Wabwile alikataa yote mawili, wakaliingiza ghalani, mahali palipokuwa na magunia kumi na manne. Lilienea vizuri.

Kisha akaketi mlangoni mwa ghala, akahesabu, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Bili ya hospitali, laki moja elfu ishirini na sita na mia nne. Mochari usiku tatu, elfu moja na mia tano kila mmoja, elfu nne na mia tano. Mahindi aliyouza kwa hasara, elfu kumi na moja na mia mbili zimekwenda na Kemboi. Ndama mmoja wa Kizito, ambaye hakuwa na deni naye. Miaka kumi na nne ya mia mbili kila mwezi, elfu thelathini na tatu na mia sita. Misiba sitini na moja ya watu wengine, mia tano mia tano, elfu thelathini na mia tano, na mingine alibeba kwa bega. Laki moja ya chama, imelipwa yote, kwa risiti, hakuna hata shilingi iliyoibwa mbele ya sheria. Jeneza moja, futi sita na nusu, halijatumika.

Na usiku tatu ndani ya ile friji, za mwanamke aliyeogopa baridi. Wa kwanza ulikuwa wa chama. Wa tatu ulikuwa wa mtu mwenye sahihi. Wa pili aliugeuza kila upande akitafuta wa kumpa, na ukarudi kwake.